Kupima Shairi la Dhambi: Mizani, Vina na Umbo katika Al-Inkishafi

Ndugu walimu, wanafunzi, washairi na wapenzi wa Kiswahili, salaam.

Mada niliyopewa ni uchambuzi wa mizani, vina na umbo la shairi linalozungumzia dhambi. Nimeipokea kwa furaha, kwa sababu mashairi ya aina hii ndiyo yanayoonewa zaidi darasani. Mwanafunzi akishaona neno dhambi, toba au kaburi, hukimbilia maudhui: mshairi anatuonya, anatukumbusha akhera, anatukataza anasa. Umbo hulipatia sentensi moja tu, kwamba shairi ni tarbia kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne. Sentensi hiyo ni sahihi na alama yake ataipata, lakini hajasema lolote kuhusu shairi. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba katika shairi zuri la dhambi, umbo limekwisha kufanya nusu ya kazi ya kuonya kabla maneno hayajaeleweka. Asiyelipima umbo hilo ameliacha nusu ya onyo nje.

Nimechagua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Ni kazi ya takriban miaka 200 iliyopita, imetungwa kwa Kiswahili cha huko kaskazini na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mshairi anaanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, kisha anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji. Anaupitisha katika hadaa za dunia, katika majumba ya Pate yaliyokuwa yamejaa watu na taa na sasa ni magofu, halafu kaburini na motoni. Angalieni kwamba hatoi orodha ya dhambi. Hamtaji mlevi, mzinzi wala mla riba amnyooshee kidole. Anayeshtakiwa ni moyo wake, na mashtaka yenyewe huja kwa njia ya maswali. Hilo nalo ni umbo, na ni la kuandikwa mapema katika uchambuzi: nani anasema, anamwambia nani, kwa kauli gani.

Sasa tushike ubeti mmoja:

Suu ulimwengu bahari tesi,
una matumbawe na mangi masi;
aurakibuo juwa ni mwasi,
kwa kulla khasara ukhasiriye.

Kwa ufupi: ulimwengu huu ni bahari iliyochafuka, una miamba ya matumbawe na hatari nyingi nyingine, anayeupanda kama apandavyo chombo, jua huyo ni mwasi, na kwa kila hasara amekwisha kuhasirika.

Kwanza tuhesabu. Wengi huhesabu mizani kwa kugonga meza na kukisia. Ipo kanuni nyepesi inayookoa muda: hesabu irabu zote za mshororo, kisha ongeza kila m au n inayosimama peke yake kama silabi. Jumla hiyo ndiyo mizani. Mshororo wa kwanza unatoka hivi: su-u-u-li-mwe-ngu, 6, ba-ha-ri-te-si, 5. Jumla 11. Wa pili: u-na-ma-tu-mba-we, 6, na-ma-ngi-ma-si, 5. Wa tatu: a-u-ra-ki-bu-o, 6, ju-wa-ni-mwa-si, 5. Wa nne: kwa-ku-lla-kha-sa-ra, 6, u-kha-si-ri-ye, 5. Mishororo minne, kila mmoja ukwapi wake, kipande cha kabla ya mkato wa pumzi, ni 6, na utao wake, kipande kinachofuata, ni 5.

Msiniamini kwa maneno matupu. Chukueni ubeti mwingine wa shairi hilohilo:

Moyo wangu nini huitabiri!
Twambe u mwelevu wa kukhitari,
huyui dunia ina ghururi,
ndia za tatasi huzandamaye?

Hapa anauuliza moyo mbona hauzingatii. Ikiwa kweli una busara ya kuchagua, kwani haujui kwamba dunia ni hadaa, na mbona unaziandama njia zake za mtatizo? Hesabuni: mo-yo-wa-ngu-ni-ni, 6, hu-i-ta-bi-ri, 5. Endeleeni mpaka mwisho, mtapata 6 na 5 kila mara.

Makosa ya kuhesabu huja mahali palepale, na afadhali niyataje. La kwanza ni irabu mbili zilizofuatana. Katika aurakibuo mtu husoma "au" mara moja na "uo" mara moja, akapata silabi nne badala ya sita. Katika Kiswahili kila irabu ni mizani yake, hata zikiwa pacha: suu ni mbili, kaa ni mbili, saa ni mbili. La pili ni w na y. Mwasi ni mwa-si, mbili tu, kwa sababu w hiyo haisimami. Tena m hapo imeungana nayo ikaenda na irabu. La tatu, na hili ndilo linalowaangusha hata walimu, ni m yenyewe. Katika mshororo mwingine wa Inkishafi unaosema kumbi za msana hulia ngende, m ya kumbi imeungana na b, haihesabiwi, lakini m ya msana imesimama na inahesabiwa: ku-mbi-za-m-sa-na, 6. Ukiisahau hiyo, utasema mshairi kapunguza mizani, kumbe aliyepunguza ni wewe.

M husimama pale inapotokana na mu ya zamani: mtu, mgeni, mchele, mlango. Hata mbele ya b inaweza kusimama. Mtu mbaya ni m-tu-m-ba-ya, mizani 5. Njia mbaya ni nji-a-mba-ya, mizani 4. Neno limeandikwa vilevile, ngeli imebadilika, na hesabu imebadilika nayo. Kwa n, angalieni maneno mafupi kama nje, nchi na nta: n-je ni mbili. Lakini njia ni nji-a, mbili vilevile, kwa kuwa n hapo imemezwa na j.

Tahadhari moja zaidi. Msianze kupima Inkishafi kwa ubeti wa kwanza kabisa. Unafunguliwa kwa Bismillahi, na maneno ya Kiarabu yenye konsonanti zilizofungana hayaitii kanuni ya irabu mpaka mghani ayafungue kwa sauti yake. Chukueni kipimo katika beti za kati zilizojaa Kiswahili, mkishakuwa na uhakika ndipo mrudi mwanzoni.

Baada ya mizani njooni kwenye mkazo, jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kimya. Mkazo wa Kiswahili huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo ikiwa ukwapi unaisha kwa neno kamili kwenye mizani ya 6, mkazo lazima uanguke kwenye ya 5. Na utao ukiisha kwenye ya 11, mkazo uko kwenye ya 10. Someni kwa sauti: ulimwengu, mkazo kwenye mwe, tesi, mkazo kwenye te. Matumbawe, mba, masi, ma. Aurakibuo, bu, mwasi, mwa. Khasara, sa, ukhasiriye, ri. Ni mapigo mawili yasiyohama, la 5 na la 10, katika ubeti mzima. Pumzi inakatwa baada ya la kwanza, na kipande cha pili kinarudi kikiwa na upungufu wa silabi moja.

Upungufu huo mimi nauona kuwa ndio moyo wa bahari hii, yaani aina hii ya shairi. Linganisheni na shairi la kawaida la mizani 16, 8 kwa 8. Huko vipande viwili vinalingana, hoja inapandishwa na kujibiwa kwa uzito uleule, ndiyo maana bahari hiyo inafaa sana malumbano. Linganisheni pia na utenzi wa mizani 8, ambao hauna mkato wa kati na unakimbia, unafaa kusimulia vita na safari. Inkishafi ina mpango wa vina unaofanana na wa utenzi, na wengi huiita utenzi kwa sababu hiyo, lakini mwendo wake si wa kukimbia. Kila mshororo unaanza kwa sita na kuishia kwa tano. Kila kauli inatolewa, kisha inatulia mapema kidogo kuliko sikio lilivyotarajia. Kwa shairi linalohesabu hasara ya moyo, sijui bahari nyingine ya Kiswahili inayofaa zaidi.

Tuje kwenye vina. Mwishoni tuna tesi, masi, mwasi, halafu ukhasiriye. Vina ni si, si, si, ye. Katikati tuna ngu, we, o, ra. Hakuna kina cha kati, na hakikukusudiwa. Msimlaumu mshairi kwa kukosa kitu ambacho bahari yake haikidai. Nasema hivi kwa sababu nimesoma majibu mengi yanayoandika "vina vya kati vimevurugika" kwa kazi za aina hii.

Kisha msiishie kuandika herufi za vina. Ulizeni kina kimepatikanaje. Tesi, masi na mwasi ni maneno matatu ambayo si iko ndani ya shina lake. Hakuna lililopachikwa kiambishi ili lilingane na wenzake. Tena masi na mwasi yanakutana kwenye silabi mbili, asi, si moja. Msikilizaji anafikishwa kwenye neno mwasi akiwa amekwisha kutayarishwa na sauti yake katika mshororo uliotangulia. Na s hiyo haikuishia hapo. Mshororo wa nne umeacha kina cha si, lakini sikilizeni: khasara ukhasiriye. S imo katika kila kipande, na shina moja la kuhasiri limerudiwa pande zote mbili za mkato. Hasara inazaa hasara, na mkato wa pumzi umewekwa katikati yao.

Hapa yafaa niseme jambo kuhusu maandishi ya asili. Katika herufi za Kiarabu kama zilivyotumiwa na waandishi wa zamani wa pwani, alama moja iliwakilisha i na e, na nyingine moja u na o. Kwa macho tu, si na se zingeweza kufanana. Anayehamisha shairi kama hili kwenda herufi za Kilatini analazimika kuamua kwa sikio na kwa kuijua lahaja, na ndiyo sababu mojawapo ya nakala zilizochapishwa, ya Hichens ya mwaka 1939 na ya James de Vere Allen ya mwaka 1977, kutofanana neno kwa neno. Kwa hiyo mnapochambua, tajeni mnatumia nakala gani. Na mkikuta mshororo umepungua au kina kimeharibika, shukuni kwanza uhamishaji, halafu chapa, na mwisho kabisa mshairi.

Uhuru wa mshairi nao una sehemu yake, lakini lazima uonyeshwe kazi uliyofanya. Suu naisoma kuwa ni "si huu" iliyobanwa. Ukiandika si huu ulimwengu, unapata 7 na ukwapi unavunjika. Hiyo ndiyo inkisari, na sababu yake ni mizani. Aurakibuo ingekuwa anayeurakibu katika Kiswahili sanifu, nayo ni 7. Mangi badala ya mengi ni lahaja tu, haibadili hesabu, kwa hiyo msiandike kwamba mshairi ametumia mangi ili kupata urari wa mizani. Mtahini makini atawakata alama, na atakuwa na haki.

Sasa niwape mazoezi ya upande wa pili, kutunga, maana aliyewahi kutunga ubeti mmoja huchambua kwa macho mengine. Nimetunga ubeti huu wa mizani 8 kwa 8, na makosa nimeyaacha kwa makusudi:

Dhambi yaja kama mgeni, hodi yake ni ya pole,
Huketishwa barazani, ikapewa na mchele,
Ikishaingia ndani, hudai funguo zile,
Mwenye nyumba yu njiani, hana pa kwenda alale.

Ukwapi wa kwanza: dha-mbi-ya-ja-ka-ma-m-ge-ni. Ni 9. Aliyesema 8 ameisahau m ya mgeni. Tunaurekebisha kwa ja ya washairi, yenye maana ya kama: Dhambi huja ja mgeni. Dha-mbi-hu-ja-ja-m-ge-ni, 8. Utao wa pili una m ileile katika mchele, lakini huo umekaa sawa: i-ka-pe-wa-na-m-che-le, 8.

Kosa la pili halimo katika hesabu. Hu-da-i-fu-ngu-o-zi-le ni 8 kamili, na kina cha le kipo. Lakini funguo zile zipi? Hazikutajwa popote. Zile imeletwa kuziba nafasi na kupata kina. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa mashairi yetu ya mawaidha: kina kinashika usukani na maana inaburutwa nyuma. Dawa si kubadilisha neno moja. Fikiria upya kipande kizima. Ikishaingia ndani, hukaa kama wa kale. Hu-ka-a-ka-ma-wa-ka-le, 8. Sasa mgeni amegeuka mkaazi wa siku nyingi, na mshororo unaofuata una sababu ya kuwepo.

Kosa la tatu ni la ladha. Barazani na njiani zimepata kina cha ni kwa kiambishi cha mahali. Karibu kila nomino ya Kiswahili inakubali kiambishi hicho, kwa hiyo kina hicho hakina jasho. Kikitokea mara moja katika ubeti kinavumilika. Kikijirudia beti kumi, sikio linachoka na onyo linapoteza makali.

Kuhusu majina ya bahari nitapita haraka. Ubeti mmoja hauwezi kuitwa mtiririko, ukara wala ukaraguni, kwa sababu majina hayo yanatokana na mwenendo wa vina kutoka ubeti hadi ubeti. Uwe na angalau beti mbili, bora tatu. Vivyo hivyo kibwagizo: mshororo wa mwisho ni kibwagizo ukirudiwa kila ubeti, usiporudiwa ni kimalizio. Na jina la bahari liandikeni mwisho, baada ya kupima. Wanaoanza na jina hulazimisha shairi lifuate jina.

Nimebakiza ye. Katika Inkishafi, kina cha mshororo wa nne hakibadiliki: beti zote zinafungwa kwa ye. Mishororo mitatu ya juu inabadilisha vina kila ubeti, wa nne unarudi nyumbani. Mshairi mwenyewe mwanzoni mwa shairi anasema anakusudia kutunga koja, yaani mkufu, na uzi wa koja hilo ni ye.

Lakini ye hiyo si sauti tupu. Katika huzandamaye ni kiulizi cha lahaja, mbona waziandama, vipi waziandama. Katika ukhasiriye ni alama ya wakati timilifu, jambo limekwisha kutendeka. Mshairi anahama kati ya kuuliza kwa nini na kutangaza kwamba imekwisha kuwa, akitumia kina kilekile. Anayechambua shairi la dhambi na afuate kina cha bahari, yaani hicho cha mshororo wa nne, ubeti kwa ubeti, akiandika pembeni ye hii ni ya swali au ya tendo lililotimia, na mtendaji ni nani. Tazameni inavyofanya kazi tukifika kwenye magofu ya Pate:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni;
bumu hukoroma kati nyumbani,
zisiji na koti waikaliye.

Madaka ni vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa visahani vya thamani. Sasa wamelala humo makinda ya ndege, bundi anakoroma katikati ya nyumba, na zisiji na koti, ndege wengine, wameikalia. Mizani ni 6 na 5 pasipo kasoro. Vina ni ni, ni, ni, ye, na kati ya hivyo vitatu ni nyumbani peke yake yenye kiambishi cha mahali. Neno dhambi halimo, wala uasi, wala hasara. Ila sikilizeni mkato wa mshororo wa pili: walaliye. Ye imetokea mapema, katikati ya ubeti, mahali ambapo bahari haikuidai, kisha inarudi mwishoni katika waikaliye. Ni tendo lililotimia mara mbili. Katika ubeti wa bahari tesi, mwenye tendo hilo alikuwa binadamu aliyeupanda ulimwengu akahasirika. Hapa binadamu hana kitenzi hata kimoja. Vitenzi vyote vitatu ni vya ndege.